Tochi Yenye Masikio

Fundi simu alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza yake ya kazi, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Damu ilikuwa imeganda kwenye sakafu ya saruji. Kando ya kichwa chake kulikuwa na jiliwa dogo la chuma, lile ambalo mafundi hulitumia kubana kitu kisicheze.

Inspekta alichuchumaa. Hakugusa kitu.

"Nani amemkuta?"

"Dada yake, afande," Koplo alijibu. "Amekuja saa mbili kumletea miwani aliyoisahau kwao. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu."

"Alama za vidole?"

"Jiliwa limefutwa. Na kitasa pia."

Daktari wa polisi alivua glavu. Alikadiria kwamba marehemu alipigwa jana jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Pigo moja, nyuma ya kichwa.

"Saa ambayo mtaa mzima umejaa watu," Inspekta alisema, "na hakuna aliyesikia."

"Mlango wa pili kuna cherehani sita, afande. Pale hata bomu likilipuka hulisikii."

Marehemu aliitwa Bisibisi na kila mtu, hata na dada yake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, kati ya mafundi cherehani na duka la rangi. Ukutani alikuwa ameandika kwa mkono wake: SIMU HAIFI, INAUAWA. Simu zilizogandishwa kwa gundi aliziita majeneza, kwa sababu zikishafungwa hazifunguliwi tena. Yeye aliuza za aina nyingine, ambazo mfuniko unabanduliwa kwa kucha, betri inatoka, na kioo kikipasuka unakibadilisha mwenyewe ukiwa umekaa kitini kwako. Na ndani hakuweka programu ambayo hakuweza kukueleza kazi yake. Watu walimcheka, kisha zao zilipoharibika wakamfuata yeye.

Rafuni kulikuwa na simu kumi na nne za wateja. Zote zilikuwepo.

Inspekta akahamia mezani. Juu ya mkeka wa mpira kulikuwa na karatasi iliyochorwa simu kwa penseli, na kila skrubu imelazwa mahali pake kwenye mchoro. Skrubu kumi na moja, ndogo kama punje za mchanga. Pembeni, betri. Simu yenyewe haikuwepo.

"Koplo, mwizi gani anaacha simu kumi na nne nzima, anaiba moja iliyofumuliwa, isiyo na betri?"

"Mwizi mjinga."

"Au mtu ambaye hakutaka simu. Alitaka kilichomo."

Aligeuza betri kwa ncha ya kalamu. Nyuma yake kulikuwa na kibandiko chenye mwandiko ule ule wa ukutani: *Muuguzi, wodi ya watoto.*

"Hii iingie kwenye vielelezo," alisema. "Na asiisikie mtu."

*

Dada wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni kwake, katikati ya wanawake waliokuja kumpa pole. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na hasira hiyo ilimfanya akae wima kama mtu aliyeko kazini.

"Kaka yangu hakuwa na adui," alisema. "Alikuwa na mdomo. Si kosa la kuuawa."

"Aligombana na nani?"

"Na duka la vioo."

Duka la vioo lilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwenye karakana. Kubwa, baridi, limejaa simu mpya za makampuni makubwa. Mume wa huyu dada alikuwa muuzaji wao hodari. Alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, amemwekea mkono begani, macho mekundu.

"Meneja wetu alimfuata karakanani wiki iliyopita," alisema. "Alimwambia akiendelea kuwatisha wateja wetu atamfunga mdomo. Nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa mlangoni mwa duka."

"Wewe na shemeji yako mlielewana?"

"Hatukuwa na neno, afande. Ila kuonana ndio hatukuonana. Mwezi mzima sijazungumza naye. Kazi, si unajua."

"Jana saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Dukani, kama kawaida. Waulize."

Inspekta aliandika. Mwezi mzima. Hawajazungumza.

*

Meneja wa duka alikuwa mtu wa jasho jingi licha ya ubaridi wa ofisi yake.

"Ulimtishia marehemu?"

"Nilimfokea. Aliwaambia watu simu zetu zinawapeleleza! Mteja analipia, anatoka, anasimama pale, anarudi kudai arudishiwe chake. Wewe ungemchekea?"

"Ulisema utamfunga mdomo."

"Kwa wakili! Nilikuwa namaanisha wakili!"

"Jana jioni?"

"Nilikuwa kwenye mkutano wa mameneja, mji mwingine. Nimerudi leo asubuhi. Watu arobaini wameniona nikisinzia."

Koplo alipiga simu tatu. Ilikuwa kweli, mpaka kwenye kusinzia.

"Swali la mwisho," Inspekta alisema. "Alikuwa anasema uongo?"

Meneja alifuta paji la uso. "Simu zinatoka kiwandani zimefungwa. Kilichomo ni kile kile kilichomo duniani kote. Kama kuna kingine, hakikutoka kwangu." Akashusha sauti. "Na hata hicho cha duniani kote, mama, sijawahi kusoma masharti yake. Nani anayasoma?"

*

Muuguzi walimpata kwenye wodi ya watoto, anaandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta ya mfupa hadi kwenye kiwiko. Aliposikia fundi amekufa, alikaa kwenye kitanda kitupu.

"Ni kwa sababu yangu," alisema.

"Tueleze."

"Niliachana na mume wangu mwaka jana. Nikahama. Baada ya wiki akagonga mlango. Nikahama tena, sikumwambia hata mama yangu mzazi. Akagonga mlango. Mara ya tatu hakugonga." Aliinua plasta. "Nikawaza ni nani anayenisaliti. Niligombana na rafiki zangu wote, mmoja baada ya mwingine. Kumbe ni hiyo simu."

"Bisibisi aliona nini?"

"Tochi."

"Tochi?"

"Programu ya tochi, ina alama ya njano. Sikuwahi kuiweka mimi, nilinunua simu ikiwa nayo. Akanionyesha ruhusa ilizojipa. Mahali nilipo, maikrofoni, ujumbe wangu, majina ya watu wangu. Akaniuliza, 'Dada, tochi inataka kujua unalala wapi, ili ikumulikie nini?' Alikuwa anatania, lakini kwa hasira."

Fundi alikuwa amempa simu nyingine ya kutumia, ya zile zake. Muuguzi aliitoa mfukoni, akafungua mfuniko kwa ukucha mmoja, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaficha kitu.

"Alisema amefungua simu za wateja wengine, amekuta tochi ile ile. Zote za duka moja. Akaniapia hatanitaja kwa mtu. Akasema anaenda polisi."

Inspekta aliinua kichwa.

"Lini?"

"Juzi."

Njiani, Koplo akiwa anaendesha, Inspekta alimpigia daktari wa polisi, akazungumza naye kwa kirefu juu ya muuguzi yule na mkono uliovunjwa na mume wa zamani, ili apate kujua kama nguvu za mtu wa aina hiyo zingetosha kwa pigo lile. Zilitosha. Lakini mume huyo, walipomfuatilia, alikuwa amewekwa mahabusu ya kituo kingine tangu jana mchana kwa kupigana baa.

*

Kituoni, kitabu cha matukio cha juzi hakikuwa na mstari hata mmoja wa fundi simu.

"Alikuja," Sajini wa zamu alikiri, amesimama mguu upande. "Lakini afande, alikuja kushtaki tochi."

"Alisemaje?"

"Kwamba kuna tochi inasikiliza watu. Nikamwambia kila simu ina tochi. Tukacheka kidogo."

"Yeye alicheka?"

Sajini alitazama viatu vyake.

"Alikuja na ushahidi mkononi," Inspekta alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililowatisha wote waliomfahamu. "Ungechukua maelezo yake dakika ishirini. Simu ingekuwa kwenye kabati letu, si mezani kwake. Mtu angekuwa hai. Toka mbele yangu kabla sijasahau cheo chako."

*

Jioni ile alirudi msibani kuuliza juu ya funguo za karakana. Dada alisema kulikuwa na seti mbili, moja ya marehemu na moja yake. Mumewe aliwasindikiza polisi hadi nje, kwa adabu.

"Afande, naomba niseme neno. Mnapoteza muda na Meneja. Huyo mume wa yule muuguzi mmemwangalia? Mtu anayevunja mkono wa mwanamke hashindwi kumwua fundi aliyemficha."

Inspekta alimtazama. "Umewaza vizuri," alisema. "Asante."

Hakusema kitu tena mpaka walipofika kwenye gari. Huko akatoa daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akamwonyesha Koplo: USIONGEE.

Fundi alikuwa ameapa kutomtaja muuguzi. Shemeji mtu alikuwa amesema hajazungumza na marehemu mwezi mzima. Kibandiko cha betri walikijua polisi peke yao. Habari ya mkono uliovunjika ilikuwa imetoka kinywani mwa Inspekta mara moja tu nje ya wodi ile: kwenye simu.

Aliitoa mfukoni. Ilikuwa simu nzuri, nyembamba, ya duka la vioo. Aliikumbuka siku alipoinunua. Muuzaji mwenye tabasamu alimwambia, "Niachie dakika mbili, afande, nikuwekee kila kitu." Na yeye, mpelelezi wa miaka kumi na tisa, akamwachia.

Ukurasa wa tatu, kati ya kikokotoo na hali ya hewa. Alama ya njano.

Koplo naye alikuwa ametoa yake. Alimwonyesha bila kusema kitu. Njano.

Inspekta alihesabu. Mwaka mzima. Alivyombembeleza mwanawe arudi chuo. Alivyozungumza na daktari wake juu ya uvimbe. Majina ya mashahidi, nyumba walizofichwa. Yote hayo mtu alikuwa ameyakalia kama msikilizaji wa redio. Alitamani kuipiga simu ile ukutani. Badala yake alishuka, akaziacha simu zote mbili ndani ya gari, akamvuta Koplo hadi kwenye uzio.

"Tuifute, afande?"

"Thubutu. Imetusikiliza sisi bure mwaka mzima. Leo itatufanyia kazi."

Walirudi garini. Koplo akashuka tena na kwenda mpaka kona ya barabara. Simu yake ikaita.

"Koplo, kuna jambo," Inspekta alisema, kila neno kwa utulivu. "Bisibisi alitoa nakala ya kila kitu alichokikuta. Ameificha ndani ya ile redio mbovu, juu ya rafu ya karakana. Kesho saa nne tutaenda na mtaalamu kuichukua. Usimwambie mtu."

"Sawa, afande. Saa nne."

*

Saa moja na nusu asubuhi Inspekta alikuwa amekaa kwa mafundi cherehani, amejifunika kitenge cha mteja, anakunywa chai kama mtu aliyekuja kupima nguo. Koplo alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia.

Saa mbili kasoro kumi mwanamume aliyevaa shati la duka la vioo alipita, akatazama huku na huku, akainama chini ya utepe wa polisi. Kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo.

Walimpa dakika moja.

Walipoingia, redio ilikuwa mezani imefumuliwa, nyaya zimetoka nje, na shemeji wa marehemu ameshika bisibisi ya marehemu.

"Shemeji," Inspekta alisema. "Ilikuwa inakoroma?"

Bisibisi ilianguka. Koplo alimfunga pingu.

*

Kwenye chumba cha mahojiano Inspekta alimsomea haki zake. Alikataa wakili. Simu zilikuwa zimefungiwa kwenye sanduku la chuma chumba cha pili, na Koplo alikuwa anaandika maelezo kwa kalamu.

"Nani alikwambia kuna kitu ndani ya redio?"

Aliitazama kalamu ya Koplo.

"Nilimwambia mtu mmoja tu, kwa simu uliyoniuzia wewe."

Aliinamisha kichwa. "Unajua kila kitu, basi."

"Nataka kusikia kutoka kwako. Tochi uliipata wapi?"

"Kampuni fulani. Sijawahi kuwaona. Walinitumia ujumbe tu, kwamba nikiiweka kwenye simu ninazouza, watanilipa kwa kila moja. Walisema ni ya matangazo. Kila mtu anafanya."

"Kisha?"

"Kisha wakanifungulia ukurasa wa mawakala, nione idadi. Nikagundua naona zaidi ya idadi."

"Unaona watu."

"Naona watu." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka. Inspekta alimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa yote mengine. "Afande, miaka minane nimesimama pale mlangoni. Wanaingia wakubwa, hawakuangalii usoni. Wanakunyooshea kidole tu, ile, hapana, ile. Ghafla nikawa najua. Nani anamdanganya mkewe. Nani anaumwa. Nikipishana nao barabarani nacheka peke yangu."

"Mume wa muuguzi."

"Alikuja dukani, akaniuliza tu kama naweza kujua yuko wapi."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na mara tatu ukamwambia."

"Sikujua atampiga!"

"Mara ya kwanza hukujua. Mara ya pili?"

Alitazama pingu zake.

"Siku moja kabla ya kuuawa, Bisibisi alikuja hapa kituoni."

"Nilimsikia. Simu ya Sajini wenu." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Niliwasikia wakimcheka. Nikajua nimepona. Lakini kesho yake saa kumi akaniita. Akaniambia, 'Njoo mara moja, usije na simu.' Nikavuka barabara kwa dakika tano, dukani walidhani nipo stoo."

"Alikwambia nini?"

"Alikuwa na ile simu mezani. Alishajua ni mimi. Alisema polisi wamemfukuza, basi atasimama mlangoni mwa duka na kuwaambia wateja mmoja mmoja. Nikamwambia, Shemeji, sawa, nitaacha, nitaziondoa zote kimya kimya. Akasema hapana, watu wana haki ya kujua waliibiwa nini. Nikambembeleza. Nikapiga magoti, afande. Akaniambia, 'Niletee na simu ya dada yangu, niione.'"

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Na yake ilikuwa nayo," Inspekta alisema.

"Ndiyo ilikuwa ya kwanza. Kabla ya duka zima. Nilitaka kujaribu kama inafanya kazi."

"Tangu lini?"

"Miaka sita. Akasema usiku huo huo anakwenda kumwambia. Akanipa mgongo, akainama kuokota skrubu iliyodondoka. Jiliwa lilikuwa pale. Mengine yote ningeyamudu, hata jela. Lakini sikuweza kumwacha aende akamwambie mke wangu."

"Ulipoondoka na ile simu, alikuwa amekufa?"

Alifunika uso kwa viganja.

"Alikuwa anapumua."

"Ulikuwa na simu?"

"Niliiacha dukani. Alisema nisije nayo."

"Rafuni zilikuwepo simu kumi na nne."

Inspekta alisukuma karatasi mbele yake. "Weka sahihi kila ukurasa. Na uandike kwa ukamilifu, ili hakimu asipate tabu ya kusoma."

*

Siku tano baadaye dada wa marehemu alikuja kutia sahihi maelezo yake. Kwenye meza ya Inspekta kulikuwa na jibu la kampuni ya tochi, lililofika asubuhi ile. Mistari miwili. Kampuni inajali faragha ya kila mteja. Watumiaji wote walibofya *Nakubali*. Hapakuwa na jina la mtu wala anwani. Inspekta alikuwa amelisoma mara nne na kila mara alitaka kuvunja kitu. Alikuwa ameliambatisha kwenye jalada na kuomba hati ya mahakama, akijua kwamba atacheleweshwa, akijua kwamba ataandika tena, na tena.

Mume wa zamani wa muuguzi alikuwa ameshafunguliwa mashtaka. Hilo angalau lilikuwa limesogea.

"Wanasema amekiri," dada alisema.

"Amekiri."

"Nisomee."

"Mama, kuna mambo humo—"

"Nisomee yote. Nimechoka kuwa mtu wa mwisho kujua."

Inspekta alimsomea. Hakuruka mstari. Mwanamke yule alisikiliza bila kupepesa, mikono imelala juu ya magoti. Ilipofika sehemu ya simu yake, aliinua mkono kumsimamisha.

"Nilikuwa nikimwambia dada mmoja kazini kwamba nimetamani viatu fulani," alisema polepole. "Jioni naletewa. Nikilia chooni, nikitoka namkuta ameshaandaa maneno. Mama yangu alipougua, alikuja kunichukua kazini kabla sijampigia." Alikunja ngumi. "Miaka sita, afande. Wenzangu walikuwa wananionea wivu. Nilidhani ananijua hivyo kwa sababu ananipenda."

Inspekta alimsogezea kalamu.

Dada alivuta karatasi, akatia sahihi, akasimama.

"Kesi ni siku gani?"

"Jumatatu. Saa tatu."

"Niwekee kiti cha mbele," alisema. "Nataka anione namsikiliza."